Kuchangisha Mtaji Mtandaoni Ukiwa Nairobi: Usiombe Msaada, Uza Mapema

Tangu nilipoleta oveni mpya kwenye duka langu la mikate hapa Umoja kwa pesa za wateja, simu yangu hailali. Wanaonipigia ni wenye biashara ndogo kama mimi: fundi wa viatu vya ngozi Kariokor, kijana wa kinyozi Pipeline, mama anayesaga karanga Kawangware. Maswali yao hayabadiliki. Nifungue ukurasa wapi? Nitaje kiasi gani? Mbona dada yangu alifungua mwezi jana akapata shilingi 3,400 tu, tena kutoka kwa mama yetu? Nimeona niandike yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, pamoja na hesabu zangu mwenyewe.

Kabla ya yote, elewa jambo hili. Sisi Wakenya tumezaliwa ndani ya harambee. Neno lenyewe limeandikwa kwenye nembo ya taifa. Tumechangia karo, bili za hospitali, mazishi na harusi, na tunajua maneno yake kwa moyo: wapendwa, hali na mali, kutoa ni moyo usambe ni utajiri. Kwa hiyo mtu akitaka kuchangisha pesa za biashara, huazima maneno hayo hayo. Hapo ndipo anapokwama. Mtu mwenye shilingi 1,000 za ziada mwisho wa mwezi tayari yumo kwenye makundi matatu ya WhatsApp ya wagonjwa na marehemu. Ukienda kupanga foleni huko na cherehani yako au oveni yako, utakuwa wa mwisho, na ni haki. Lakini mtu huyo huyo ana pesa ya mkate, ya viatu, ya kunyoa. Anaitoa kila wiki. Hiyo ndiyo unayoiendea, ila unamwomba aitoe leo kwa bidhaa atakayoipata mwezi ujao.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Biashara ambayo tayari inauza, hata kama ni kidogo. Wazo tupu halichangishiki Nairobi. Watu wameumwa na nyoka, sasa wanaogopa hata ung'ongo.
- Jina la biashara lililosajiliwa kupitia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), na kibali cha biashara cha Kaunti ya Nairobi. Kwa chakula, ongeza vyeti vya afya vya wote wanaoshika chakula, na alama ya ubora ya KEBS kama bidhaa yako inafungwa na kuuzwa madukani.
- Hati ya bei kutoka kwa muuzaji wa kifaa unachotaka, yenye tarehe na muda wake wa mwisho.
- Daftari kubwa la kaunta buku. Simu huibwa na chaji huisha. Daftari lilinisaidia kuliko kitu kingine chochote.
- Akiba yako mwenyewe. Swali la kwanza utakaloulizwa ni "Na wewe umeweka ngapi?" Usianze bila jibu.
- Wiki sita hadi nane za maandalizi. Ndiyo, zote.

Hatua ya 1: Jua unachangisha pesa za aina gani

Kuna njia nne, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni zawadi: mtu anakupa bila kutarajia kitu. Kwa biashara, hii hukauka mapema, baada ya ndugu na marafiki wa karibu.

Ya pili ni mauzo ya mapema. Mtu analipa sasa, anapata bidhaa baadaye. Ndiyo ninayoifundisha hapa.

Ya tatu ni mkopo wa watu wengi. Kiva, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2005, hufanya kazi hivyo: watu duniani wanakopesha kuanzia dola 25 kila mmoja, mkopo unapita kwa taasisi iliyo karibu nawe, nawe unarudisha. Wale wakopeshaji hawapati riba, lakini taasisi ya hapa inaweza kukutoza. Uliza kabla hujatia sahihi.

Ya nne ni kuuza sehemu ya biashara kwa umma. Hii usiiguse kwa WhatsApp. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ina kanuni zake za mwaka 2022 kuhusu uchangishaji wa uwekezaji, na majukwaa yanayofanya hivyo yanahitaji leseni. Ukimwahidi jirani "weka elfu kumi, nitakupa faida kila mwezi", umetoka kwenye biashara ya mikate na kuingia kwenye mambo yatakayokufikisha mahakamani.

Kuhusu majukwaa, hapa Nairobi kuna M-Changa, ambalo lilijengwa kwa ajili ya michango ya kwetu na linapokea M-Pesa pamoja na kadi za walio nje. GoFundMe na Kickstarter ni za jina kubwa, lakini zinamtaka mwenye kampeni awe na akaunti ya benki katika nchi zilizo kwenye orodha zao, na Kenya haimo. Watu hunitajia BRCK, kile kifaa cha intaneti kilichobuniwa hapa Nairobi na watu wa Ushahidi, shirika la teknolojia la hapa: mwaka 2013 walienda Kickstarter na lengo la dola 125,000, wakapata zaidi ya 170,000. Ni kweli. Lakini tazama walichofanya: waliuza kifaa chenyewe kabla hakijatoka kiwandani. Yaani hata wao waliuza mapema.

Usiazime akaunti ya binamu yako aliye Texas ili kufungua ukurasa huko. Pesa zikiingia kwa jina lake ni zake mbele ya benki na mbele ya watoza kodi wa huko, na undugu umewahi kuvunjika kwa kiasi kidogo kuliko hicho.

Hatua ya 2: Piga hesabu mpaka shilingi ya mwisho

Kaa hapa muda mrefu. Kampeni nyingi nilizoona zikifika lengo na bado mwenyewe akabaki na deni, ziliharibikia hapa.

Nilitaka oveni ya gesi. Ile yangu ndogo ilikuwa inatoa mikate 24 kwa siku, na Jumamosi kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nawarudisha watu mikono mitupu. Hesabu yangu ilikuwa hivi:

- Oveni: 185,000
- Kuisafirisha kutoka Industrial Area na vijana wa kuishusha: 9,000
- Fundi wa gesi, bomba na rekuleta: 16,000
- Akiba ya mambo yasiyotarajiwa: 20,000

Jumla 230,000. Nilikuwa na 110,000 zangu, nyingi zilitoka kwa zamu yangu ya chama cha kuchangiana. Zilipungua 120,000. Je, nichangishe 120,000?

Hapana. Anayenipa shilingi 1,000 ananidai mikate ya shilingi 1,000. Nilikaa na daftari nikaandika kila kitu: unga, hamira, siagi, sukari, karatasi ya kufungia, gesi, boda wa kupeleka. Ilifika shilingi 450 katika kila 1,000. Makato ya jukwaa na ya kutuma pesa nikayakadiria 50. Kwa hiyo katika kila 1,000 inayoingia, ya oveni ni 500 tu. Ili nipate 120,000 za oveni, lazima niuze vocha, yaani karatasi za kuchukulia mikate, za 240,000.

Nilipoona nambari hiyo nilifunga daftari nikaenda kulala. Asubuhi nilishukuru kwamba nimeiona kabla, si baada.

Fanya hesabu hiyo kwa bidhaa yako. Fundi wa viatu atakuta ngozi na soli zinakula zaidi ya nusu. Kinyozi atakuta gharama yake ni ndogo sana, na kampeni yake itakuwa nyepesi kuliko yangu. Hakuna kiwango cha wote.

Kisha gawanya. Kama mteja wako wa kawaida atatoa wastani wa 1,500, basi 240,000 ni watu 160. Sasa unajua unatafuta nini: watu 160, ambao ni rahisi kuwafikiria kuliko robo milioni.

Hatua ya 3: Andika majina

Fungua kaunta buku. Ukurasa wa kushoto jina, wa kulia unamjua vipi na amewahi kununua nini. Usiandike "watu wa kanisani". Andika mmoja mmoja. Mimi nilifika majina 312, na ilinichukua jioni nne.

Nitakuambia matokeo yangu ili upime. Kampeni ilipofungwa, walionunua walikuwa watu 171. Kati yao, 118 walikuwa kwenye daftari langu. Wengine 42 waliletwa na hao, kwa kutumiwa ujumbe na rafiki au dada. Watu nisiowajua kabisa, waliofika kwa kuona ukurasa tu, walikuwa 11. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema "nitaiweka mtandaoni isambae", namrudisha kwenye daftari. Kama huna majina karibu mara mbili ya watu unaowahitaji, hujawa tayari. Rudi ukauze miezi mitatu zaidi huku ukikusanya majina.

Onyo: nambari za wateja si mali yako ya kutumia utakavyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu akubali. Mwulize pale anaponunua, "Nikikuandikia kuhusu jambo la duka, ni sawa?" na weka alama kando ya jina lake. Ni adabu pia.

Hatua ya 4: Tengeneza vifurushi ambavyo utaweza kuvitoa

Vyangu vilikuwa vinne:

- Shilingi 200: huchukui kitu, jina lako linaandikwa ukutani karibu na oveni.
- Shilingi 500: vocha ya mikate 5. Dukani ungelipa 550.
- Shilingi 1,500: mkate mmoja kila Jumamosi kwa wiki 13, umewekewa jina lako hata ukichelewa.
- Shilingi 5,000: asubuhi moja ya kujifunza kuoka nami, na keki ya kilo mbili ya kwenda nayo nyumbani.

Kile cha 1,500 ndicho kilichobeba kampeni. Sikukitoa kichwani. Mzee mmoja mstaafu, mteja wangu wa tangu siku za mwanzo, alisimama mlangoni Jumamosi moja baada ya mikate kuisha akaniambia, "Binti yangu, mimi si bei inayonisumbua. Nasumbuka kutembea kutoka mtaa wa Tena nikute hakuna." Watu wangu hawakutaka punguzo. Walitaka uhakika. Kabla hujaandika vifurushi, waulize wateja kumi kitu gani kinawaudhi kuhusu biashara yako. Jibu lao ndilo kifurushi.

Usiahidi fulana. Usiahidi vikombe vyenye nembo. Vinakula pesa, vinachelewa kwa mchapishaji, na hakuna aliyekuja kwako kutafuta fulana.

Na walio ng'ambo? Usijaribu kutuma bidhaa Doha au London. Waambie wanunue kwa ajili ya watu wao walio hapa. Nilipata wanunuzi tisa wa namna hiyo. Binti anayefanya kazi Dubai alimlipia mama yake mikate ya Jumamosi, na kila mama alipokuja kuchukua nilimpiga picha akiwa ameshika mkate, nikamtumia binti. Baada ya wiki mbili alilipia na shangazi.

Weka pia kikomo. Oveni mpya ingetoa mikate 120 kwa siku, na wateja wa pesa taslimu nao wanataka kula. Niliandika wazi kwamba vocha 60 tu za Jumamosi zinauzwa. Zilikwisha, na kwisha kwake kulisukuma watu kununua zile nyingine.

Hatua ya 5: Andaa mahali pa kupokea pesa

Usipokee kwenye laini yako ya kawaida. Sababu ni tatu.

Kwanza, Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa. Kama una deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa yako inakatwa papo hapo kulilipa. Mchango wa mteja umelipa deni lako la mwezi jana, na vitabu vyako vimeshaharibika siku ya kwanza.

Pili, viwango. Akaunti ya M-Pesa haiwezi kukaa na zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000.

Tatu, jaribu la kununua unga wa ugali kwa pesa za oveni. Silisemi kwa kumlaumu mtu. Pesa zikikaa pamoja, zinatumika pamoja.

Chukua nambari ya Till au Paybill (nambari za M-Pesa za kulipia biashara) kwa jina la biashara, au tumia ukurasa wa jukwaa unaotoa namba yake. Jina la biashara linapotokea kwenye simu ya mteja kabla hajaweka PIN, hofu inapungua. Jaribu kwanza: mtumie ndugu shilingi 20 naye azilipe, uone zinaingia wapi, zinakatwa ngapi, na zinakufikia baada ya muda gani. Usisubiri kuyajua haya siku ya kufungua.

Na tenga kabisa zile 450 za kila 1,000. Zangu, zilizofika karibu 113,000, zilikaa kwenye akaunti ya Sacco ambayo siwezi kuifungua kwa simu. Hizo zilikuwa pesa za unga wa watu.

Hatua ya 6: Ukurasa na maneno

Video ya dakika moja na nusu kwa simu inatosha. Piga mahali pa kazi, mchana, karibu na dirisha. Onyesha tatizo: mimi nilionyesha rafu tupu saa nne asubuhi na mteja akigeuka kuondoka. Kisha taja kiasi, kifaa, na tarehe ya kupata bidhaa. Weka picha ya hati ya bei. Weka hesabu yote, ikiwemo pesa yako mwenyewe.

Kuhusu ujumbe, linganisha hizi mbili. Huu ndio niliokuwa nimeandika mwanzo:

"Habari wapendwa. Naomba mchango wenu wa hali na mali ili nitimize ndoto yangu ya kupanua biashara. Chochote ulicho nacho kitasaidia. Mungu awabariki."

Huu ndio niliotuma:

"Dada, habari ya tangu Jumamosi? Ulikuja ukakuta mikate imeisha, pole sana. Oveni yangu inatoa 24 tu. Nanunua ya 120. Nimeweka 110,000 zangu, zilizobaki natafuta kwa kuuza mikate mapema: 1,500 unapata mmoja kila Jumamosi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 6 Desemba. Ziko 60 tu. Nikuwekee moja?"

Wa pili una jina la tatizo lake, bei, tarehe na swali linalojibika kwa ndiyo au la. "Chochote ulicho nacho" humwacha mtu akifikiri, na anayefikiri husema atakutafuta mwisho wa mwezi.

Hatua ya 7: Kusanya ahadi kabla ya kufungua

Wiki mbili kabla, piga simu. Si ujumbe, simu, au mwendee mtu dukani kwake. Tafuta watu 40 watakaolipa siku ya kwanza. Wangu walioahidi walikuwa 40 na waliolipa siku hiyo ni 31. Mtu akifungua ukurasa akakuta sifuri, hufunga. Akikuta tayari kuna elfu hamsini, huuliza "hiki ni nini?"

Hatua ya 8: Fungua na uendeshe

Chagua tarehe kwa kuangalia mishahara na shule. Januari sahau. Wiki za kufungua shule mwezi wa tano na mwisho wa Agosti, sahau pia. Mimi nilifungua Septemba 27 na kufunga Novemba 1, ili nipite kwenye mishahara ya miezi miwili.

Usitengeneze kundi jipya la WhatsApp na kuingiza watu wote 300. Watatoka mmoja baada ya mwingine mbele ya macho ya wengine. Tumia orodha ya matangazo, ukijua kwamba ujumbe huwafikia tu waliohifadhi nambari yako. Wengine waandikie mmoja mmoja.

Tarajia hivi: siku tatu za kwanza ziliniletea 96,500. Siku 15 za katikati, 21,000 tu. Siku tano za mwisho, 78,000. Zilizobaki ziliingia siku nyingine. Kipindi cha katikati kitakutia uchungu. Kila jioni nilikuwa nafungua simu na kukuta hakuna kitu kipya, na nilianza kuona aibu kupita mbele ya majirani. Usinyamaze wakati huo. Kila baada ya siku tatu toa habari ya kweli: hati ya bei imethibitishwa, fundi amekuja kupima mahali, leo nimeoka mkate wa majaribio kwa watu 10 wa kwanza. Na mshukuru kila aliyenunua kwa jina, siku hiyo hiyo, kwa sauti yako.

Hatua ya 9: Nunua, toa bidhaa, onyesha risiti

Niliuza jumla ya shilingi 251,300. Nilipokwenda kulipia oveni, muuzaji akaniambia bei imepanda hadi 198,000, kwa sababu hati yake ilikuwa ya siku 14 na mimi nilikuja baada ya mwezi. Zile 13,000 zilitoka kwenye akiba. Bila akiba ningerudi kwa wateja na bakuli. Kwa hiyo, hati ikikaribia kuisha, rudi uombe nyingine kabla hujatangaza lengo.

Kila vocha iwe na nambari, mhuri, na visanduku vya kuweka alama. Nambari hiyo hiyo iwe kwenye daftari. Siku oveni ilipowashwa niliweka picha ya risiti na ya mkate wa kwanza kwenye stetasi ya WhatsApp.

Pesa za vocha ni mauzo, ziandike kama mauzo. Kama mauzo yako ya mwaka yako kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25, kodi ya mauzo ghafi ni asilimia 3. Iweke kwenye hesabu ya hatua ya 2.

Ukikwama

*Siku ya tano na hujafika robo ya lengo.* Usiongeze matangazo. Rudi kwenye daftari, uhesabu ni majina mangapi umezungumza nayo mdomo kwa mdomo. Mara nyingi utakuta ni chini ya nusu. Maliza hao kwanza.

*Mtu anakutumia ujumbe wa M-Pesa aliousambaza kama ushahidi amelipa.* Usiandike kitu mpaka uone kwenye taarifa yako mwenyewe. Ujumbe hughushiwa.

*Mtu anapiga akisema ametuma kimakosa, umrudishie.* Usirudishe kwa mkono. Mwambie aupeleke ule ujumbe wa muamala kwenye 456 ili Safaricom washughulikie. Na hakuna mtu wa ofisi yoyote anayehitaji PIN yako.

*Umefika mwisho na pesa hazitoshi.* Hili uliamue kabla ya kufungua na uliandike kwenye ukurasa. Mimi niliandika kwamba nisipofika 180,000, nitarudisha kila shilingi. Kama ulisema utarudisha, rudisha ndani ya wiki moja, pamoja na gharama ya kutuma. Kuna fundi wa mabegi ninayemjua aliyerudisha pesa zote, akajaribu tena baada ya miezi minane kwa cherehani moja badala ya tatu, na wengi wa wale wale wakanunua.

*Bidhaa imechelewa.* Sema siku unayojua, si siku iliyoahidiwa. Fundi wa gesi alinichelewesha wiki mbili. Nilirekodi sauti ya sekunde arobaini, nikataja sababu na tarehe mpya, nikaongeza mkate mmoja kwa kila vocha ya Jumamosi. Watu wawili walitaka pesa zao, nikawarudishia jioni hiyo. Mmoja wao bado huja Jumamosi na kulipa taslimu.

*Wote wanakuja kuchukua wiki moja.* Gawa tarehe kwenye vocha zenyewe: herufi A wiki ya kwanza, B ya pili, na kuendelea. Mimi sikufanya hivyo, na Jumamosi ya kwanza foleni ilifika kwa muuza makaa. Tulioka kuanzia saa tisa usiku, na aliyekuwa wa mwisho, yule mzee wa Tena, alipata wake saa saba mchana ukiwa bado moto.